Shajara ya Punda: roboti ya kifundo cha mguu, wiki ya 1 hadi ya 20

Wiki ya 1

Naanza kuandika leo kwa sababu mradi uliopita sikuandika kitu, na tulipoulizwa mwaka mmoja baadaye kwa nini tuliamua hivi na si vile, kila mtu alikuwa na hadithi yake.

Tunachotengeneza ni kifaa cha kuvaliwa mguuni na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, chenye mota ya kumsaidia kukunja na kunyoosha kifundo anapotembea. Mota mbili zinakaa kiunoni kwenye mkanda. Nguvu inashuka hadi kisiginoni kwa kebo zilizopita ndani ya mirija, vilevile kama breki za baiskeli. Mota hatukuziweka mguuni kwa makusudi: uzito ulioko kiunoni mtoto anausahau, lakini uzito huohuo ukiwa kwenye wayo anaubeba upya kila hatua. Chini ya wayo kuna vihisi viwili vya mgandamizo, kimoja kisiginoni na kingine chini ya vidole. Hivyo ndivyo vinavyoiarifu programu kama mguu uko hewani au uko chini.

Tuko wanne. Mimi nashughulika na programu na vyuma. Mwenzangu ana nyaya na betri. Fundi wa viungo bandia anatengeneza splinti, ganda gumu la kushikilia mguu na wayo, kwa vipimo vya kila mtoto. Wa nne ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, ambaye amekuwa akiwashika watoto hawa kwa mikono yake tangu mimi niko shule, na ambaye kikao cha kwanza aliuliza swali moja tu: "Hiyo mashine ikizimwa, mtoto anabaki na nini?" Nikajibu kitu kuhusu ubongo kujifunza. Niliona hakukiandika.

Mashine kubwa zipo. Lokomat ya kampuni ya Hocoma ya Uswisi inamning'iniza mtoto kwa mikanda juu ya tredimili na kuyatembeza mapaja na magoti yake. Sisi tunataka kitu cha kutembea nacho sakafuni, mtoto aende anakotaka. Kilichotutia moyo ni kazi iliyofanyika katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kuchapishwa 2017 na Zachary Lerner, Diane Damiano na Thomas Bulea. Watoto na vijana saba wanaotembea magoti yamekunjika walivaa kifaa cha mota kwenye goti, na sita kati yao magoti yalinyooka zaidi. Waandishi wanaeleza pia kwamba misuli iliendelea kufanya kazi mashine ikiwa inasaidia. Sehemu hiyo niliipita haraka.

Wiki ya 2

Kuchagua watoto. Tunatumia ngazi tano za uwezo wa kutembea zilizotolewa Kanada mwaka 1997 na Robert Palisano na wenzake. Wa ngazi ya I anatembea na kukimbia, ila wepesi na usawa vina kasoro. Wa ngazi ya V anabebwa au anasukumwa kitini karibu kila mahali. Tumechukua wa II na wa III: wanaotembea, lakini ardhi isiyo sawa inawashinda, au hawaendi bila fremu ya kushikilia.

Watatu wa kuanzia: M1, msichana wa miaka 11, M2, mvulana wa miaka 8, M3, mvulana wa miaka 9. Mama wa huyu wa mwisho aliiona fomu akauliza, "Kwa hiyo mimi sasa ni Mama M3?" Tukacheka. Fizio hakucheka. Ametuelekeza kwamba namba ni za karatasini tu. Ndani ya ukumbi, mtoto ana jina lake na mama anaitwa kwa jina la mwanawe.

Wiki ya 3

Msuguano. Kebo ikipinda sana kiunoni nguvu inaliwa njiani, na kinachotoka kwenye mota si kinachofika kisiginoni. Tumepitisha mrija nyuma ya paja na kuhamishia kihisi cha nguvu kwenye splinti yenyewe. Siku nne zimekwenda.

Wiki ya 4

Leo nimefundishwa kwa mkono. Fizio alinikalisha chini miguuni pa M1, akaniambia niushike wayo. "Upandishe taratibu, kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto." Nikapandisha. Wayo ukaja, ukaja, hadi karibu na pembe mraba. "Haya, rudisha. Sasa fanya haraka." Nikafanya haraka. Nusu ya njia mguu ukagoma, kama mkanda wa gari ukiuvuta ghafla. Nguvu ya mkono wangu ilikuwa ileile. Nilichobadilisha ni kasi tu.

Mwaka 1980 James Lance, daktari wa neva wa Australia, aliufafanua mkazo huu hivyohivyo: ukinzani unaoongezeka kadiri misuli inavyovutwa kwa kasi. Kipimo cha Tardieu kinafuata njia hiyo. Unachukua pembe mbili, ile wayo unayofika ukienda taratibu na ile misuli inapogoma ukienda kasi. Tofauti kati yake inatoka kwenye neva. Ambako wayo haufiki hata kwa taratibu, hapo misuli yenyewe imeshafupika. Jeraha la ubongo la watoto hawa haliongezeki, ila mifupa inarefuka na misuli iliyokaza haiendi nayo sambamba. Ndiyo maana mtoto anaweza kutembea vizuri akiwa na miaka sita akaanza kushindwa akiwa na kumi na miwili.

Nimeingiza kikomo cha kasi kwenye programu. Nilikuwa na kikomo cha nguvu peke yake, maana fundi mitambo akifikiria hatari hufikiria nguvu. Kila mguu una kikomo chake. Cha kushoto na cha kulia cha M1 havifanani hata kidogo.

M1 aliuliza kama nimeshamaliza kuuchezea mguu wake.

Wiki ya 6

Siku mbaya. M2 alikuwa hatua ya saba au ya nane aliposimama ili ageuke. Wayo ulipokanyaga, shavu la mguu likaanza kutetemeka. Huu ni mtikisiko wa mara tano hadi nane kwa sekunde ambao misuli yenye mkazo huuanzisha yenyewe ikivutwa ghafla. Madaktari wanauita klonasi. Kihisi cha vidole kikaona mgandamizo unakuja, unaondoka, unakuja. Programu yangu ikahesabu kila mtikisiko kuwa hatua mpya, ikavuta kebo. Kila mvuto ukaamsha mtikisiko mwingine. Mguu na mashine vikachocheana hivyo sekunde mbili hivi, hadi fizio alipobonyeza kitufe cha dharura.

M2 alicheka, akasema mashine imempiga teke. Mama yake hakucheka. "Shukrani ya punda ni mateke," fizio akasema huku anafungua mikanda, na tangu hapo mashine ni Punda. M2 ndiye aliyemwandikia jina kwenye mkanda wa kiunoni, kwa kalamu ya wino mzito, herufi N ikiwa imegeuka.

Marekebisho: hatua mpya haihesabiwi kabla theluthi moja ya sekunde haijapita. Mtikisiko ukijirudia mara tatu, mota zinalegeza kebo, na kuanza tena ni kwa mkono wa mtu, programu haijianzishi. Wazazi wote watatu waliambiwa siku ileile, na kamati ya maadili imepata taarifa ya maandishi.

Wiki ya 7

Nilikuwa nimepanga kitufe cha kushikilia: mtoto akikiachia, kila kitu kinasimama. Nilikuwa na hoja nzuri kwamba mtu akishtuka huachia. Fizio alisimama nyuma ya M3 akapiga makofi mara moja. M3 akashtuka, na mkono wake wa kulia ukafumba ngumi kuliko ulivyokuwa. "Huyu akiogopa haachii," alisema. "Anashikilia."

Sikuwa na la kujibu. Sasa kuna sumaku ndogo kwenye mkanda yenye uzi mkononi mwa fizio. Ikichomoka, mota zinakatiwa umeme. Mtoto naye ana neno lake la kusema. M3 amechagua "basi". M2 alichagua neno ambalo mama yake alilikataa.

Wiki ya 9

M3 ametembea mita kumi na Punda, na mstari wa pembe ya kifundo chake umekaa juu ya mstari wa watoto wasio na tatizo kama umefuatishwa kwa karatasi ya kaboni. Kisigino kinatua kwanza! Nimeichapa grafu, nimeibandika ukutani. Mwenzangu ameshawatumia wafadhili.

Wiki ya 10

Nimeibandua.

Fizio aliiangalia grafu muda mrefu, akauliza, "Na uso wake uliutazama?" Sikuutazama, nilikuwa natazama skrini. Tukafungua video. M3 anatembea huku anasimulia mechi, mikono inaonyesha goli lilivyoingia, jasho hakuna, pumzi iko palepale. "Huyu akitembea kwa bidii huuma ulimi," fizio akasema. "Hapa mdomo hata hajaufunga."

Nikafungua rekodi ya umeme uliotumiwa na mota. Siku za mwanzo zilikuwa zinachangia sehemu tu ya nguvu ya kusukuma ardhi. Siku ya grafu zilikuwa zinafanya karibu kazi yote. Programu niliipa agizo moja, ipunguze kosa la pembe, yaani tofauti kati ya pembe ya kifundo na ile inayotakiwa. Mtoto alipolegea kidogo, ikafidia. Akalegea tena, ikafidia tena. Tulimbandika vihisi vya umeme wa misuli kwenye shavu la mguu na kumtembeza na Punda: misuli ilikuwa kimya karibu kama amekaa kitini. Kisha tukamwomba atembee Punda akiwa amezimwa. Hatua tatu za kwanza alikokota vidole kuliko alivyokuwa akikokota kabla hajatujua. Baadaye mwendo wake ukarudi, lakini hatua zile tatu nimezirudia kwenye video mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Si uvivu wa mtoto. David Reinkensmeyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walilieleza jambo hili mwaka 2009: mwili wa binadamu hupunguza juhudi kila unapoona kosa ni dogo, hata kwa watu wazima wenye afya zao. Ningekuwa mimi ndani ya Punda, ningelegea. Na ile sehemu ya makala ya 2017 niliyoipita haraka ilikuwa inazungumzia hili hasa. Wenzetu walikagua misuli kwanza kabla ya kuifurahia pembe.

Barua kwa wafadhili kurekebisha tulichowaambia wiki iliyopita: nimeiandika mimi. Ilichukua asubuhi nzima na ina aya mbili.

Wiki ya 11

Nimefuta sehemu yote iliyokuwa inamwamuru Punda aupeleke wayo mahali fulani. Nimerudi kwenye wazo la Neville Hogan wa chuo cha MIT, Marekani, la mwaka 1985: usiiambie mashine ifike wapi, ipangie iwe ngumu kiasi gani inaposukumwa, kama springi. Ndani ya digrii 5 kutoka njia iliyokusudiwa Punda hafanyi kitu. Mtoto akitoka nje ya hapo anavutwa taratibu. Halafu kila baada ya hatua chache msaada unapungua kidogo hata kama mambo ni shwari, ili tuone mtoto ana nini mwenyewe.

Tukiwa kwenye hilo, tumesoma kazi nyingine ya kundi la Lerner, safari hii likiwa Northern Arizona University, ya mwaka 2020. Wameigeuza kabisa: kifaa cha kifundo kinapinga wayo mtoto anaposukuma ardhi, na misuli ya shavu la mguu inaamka. Nikamkimbilia fizio na karatasi mkononi. Akavuta droo, akatoa mpira wa mazoezi wa kijani. "Miaka yote hii ulidhani huu ni wa kufungia mizigo?"

Acha nijitetee kidogo. Mpira unapinga muda wote, hata wayo ukiwa hewani, na hapo ndipo M3 anapohitaji kusaidiwa kuinua vidole. Punda anaweza kupinga chini na kusaidia juu ndani ya hatua moja. Fizio amelikubali hilo. Ila mpira hakuurudisha kwenye droo, ameuacha mezani kwangu.

Wiki ya 12 hadi ya 14

Hakuna mtoto aliyevaa. Kutoka kusaidia kwenda kupinga ni mradi mwingine machoni pa kamati ya maadili, na wana haki. Fomu za ridhaa tumeziandika upya.

Karatasi zilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa mama wa M2. "Kwa hiyo huyu ambaye kutembea kwake tayari ni shughuli, mnataka mumwongezee?" Fizio alimweleza bila haraka na bila kumbembeleza. Mama akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kuvaa yeye kwanza. Splinti ya mtoto haimwingii, kwa hiyo fundi akafunga kebo kwenye kiatu chake na mimi nikapandisha ukinzani hadi pale alipotaka. Alitembea ukumbi mzima, akarudi. "Kama mchanga mkavu," alisema. "Si mbaya. Ila mkimpa, mumwambie ni mchanga, asidhani ni miguu yake imezidi kuharibika."

Sentensi hiyo sasa iko kwenye maelezo tunayomsomea kila mtoto kabla ya kuwasha. Yeye hakujua kama ametuandikia sehemu bora ya fomu.

Wiki ya 15

M3 aliuma ulimi hatua ya pili. Dakika sita, mapumziko, dakika sita. Umeme wa misuli unaonekana wazi kila anaposukuma. Pembe ni mbaya kuliko ya wiki ya 9. Grafu sijaichapa.

Wiki ya 16

Tumewawekea mchezo. Kwenye skrini kuna chura, na mtoto akisukuma ardhi vizuri chura anaruka. M2 alivunja rekodi siku ya pili, na ya tatu akaivunja tena, tukaanza kusifiana. Kumbe anaegemea fremu kwa kifua na kuutupa mwili wote mbele, vidole vinagandamizwa na uzito, chura anaruka, kifundo hakijasogea hata digrii mbili. Alipoulizwa alisema chura hajalalamika.

Sasa chura haruki mpaka mgandamizo na pembe vibadilike pamoja. M2 ametangaza kwamba mchezo umeharibiwa.

Wiki ya 17

Tulikuwa tumepanga kupima kwa GMFM-88, kipimo cha uwezo wa mtoto kujongea chenye vipengele 88 kuanzia kulala na kujigeuza hadi kukimbia na kuruka, kila kimoja alama 0 hadi 3. Tutaendelea nacho. Lakini fizio alitaka kila mtoto aseme lake pia, kwa njia ya Kiresuk na Sherman ya mwaka 1968: mnaandika lengo pamoja, mnalipa ngazi kutoka −2 hadi +2, na sifuri ni pale mnapotarajia kufika.

Mama wa M1 alijibu kwanza: atembee vizuri. M1 alisubiri amalize. "Nataka kuingia chooni mwenyewe na nifunge mlango."

Tukaandika. −2: mtu yuko ndani, anamshika. −1: mtu yuko ndani, amegeuka. Sifuri: mtu yuko nje, mlango wazi. +1: mlango umerudishwa. +2: komeo.

Nikatazama orodha ile na kumtazama Punda. Kugeuka mahali padogo, kusimama kwa mkono mmoja huku mwingine unashughulika na nguo, kujishusha bila kudondoka: hakuna hata moja analolifundisha. Iona Novak na wenzake wa Australia, walipopanga tiba za watoto hawa kwa rangi za taa za barabarani mwaka 2013, mazoezi ya jambo ambalo mtoto mwenyewe analenga waliyaweka kwenye kijani. Hivyo tumeikata saa yetu. Punda anapata nusu ya kwanza. Nusu ya pili anavuliwa, na M1 anakwenda chooni na fizio kufanya mazoezi akiwa na nguo zake, sakafu ikiwa kavu.

Wiki ya 18

Ngozi. Chini ya mkanda wa juu wa splinti, mguu wa kushoto wa M1 una alama nyekundu ambayo baada ya nusu saa haikufifia. Alikuwa anaijua tangu juzi. Hakusema kwa sababu hakutaka kukosa zamu. Punda amesimamishwa kwake hadi ipone kabisa, na fundi ameikata splinti upya. Kuanzia leo tunavua soksi na kukagua kabla na baada, tusingoje mtoto aseme.

Mazoezi ya chooni yanaendelea bila Punda.

Viatu vya M2 vimembana. Amekua.

Wiki ya 19

M1 alikuja Alhamisi, akampa mama yake mkoba, akaingia. Tukasikia komeo.

Kisha kimya. Fizio akatazama saa ya ukutani. Mama akainuka, akaketi, akainuka tena. Kitu kilianguka ndani, nadhani kopo. Fizio alikuwa ameshafika mlangoni iliposikika sauti: "Msinifungulie!" Akarudi nyuma hatua mbili. Tukasikia maji. Tukasikia komeo likihangaishwa, likigoma, likihangaishwa. Ilichukua kama dakika tisa kwa jumla. Alitoka mkono mmoja wa blauzi umelowa hadi kiwikoni, akachukua mkoba wake.

Kwenye jedwali nimeandika +2. Kwenye safu ya kifaa nimeandika: hakikuvaliwa, siku ya tisa.

Wiki ya 20

Mwenzangu anauliza tutaandikaje hili kwenye ripoti. Nimemwambia tuandike lilivyo. Watoto watatu, hakuna kundi la kulinganisha, na hatua kubwa kuliko zote imetokea Punda akiwa juu ya meza. Huenda wiki tatu za kupingwa zilimpa mguu nguvu ya kusimama mle ndani. Huenda ni yale mazoezi ya chooni peke yake. Kwa mpango tulionao hatuwezi kujua, kwa hiyo tunaubadilisha. Kila mtoto atakuwa na wiki mbili na Punda na wiki mbili bila yeye, kwa zamu, mara mbili, muda wa mazoezi ukiwa uleule, na atakayepima hataambiwa ni zamu ipi. Fizio alisema angetaka tuwe tumeanza hivyo. Alikuwa ameuliza wiki ya 1.

Ya karakana: nyuzi za kebo ya kulia zimeanza kuchanika pale inapoingia kwenye mrija, ibadilishwe. Betri ya pili haishiki chaji. Splinti mpya ya M2 iko tayari, pamoja na jina la Punda, ambalo ameliandika upya. Herufi N bado imegeuka. Ameulizwa, amesema ndivyo linavyoandikwa.

Jumatatu: M1, ngozi kwanza.